Kistari kilichohama: nilivyofuatilia badiliko la sort hadi Agosti 2018

Simu iliingia Jumanne saa mbili na nusu asubuhi, nikiwa ndani ya matatu iliyokwama Pangani. Alikuwa mama mmoja anayeuza mitumba Gikomba, mwanachama wa chama cha akiba na mikopo ninachokifanyia kazi (jina la chama naliacha). Namba yangu alipewa na dada wa mapokezi. Asubuhi hiyo alikuwa amepata ujumbe kwamba hajalipa mkopo wa mwezi, na wadhamini wake watatu walikuwa wamepata ujumbe huohuo.

"Mwanangu, mimi nimelipa tarehe tatu. Ujumbe wa M-Pesa ninao hapa kwa simu. Sasa hawa watu walionidhamini nitawaangalia na uso gani?"

Ukitaka kujua uzito wa ujumbe ule, uelewe udhamini kwanza. Mkopo wa chama haushikwi na hati ya nyumba, unashikwa na watu. Mdhamini ni jirani wa kibanda, ni wifi, ni mtu mnayeimba naye kwaya. Ukishindwa kulipa, akiba yake ndiyo inayokatwa. Ujumbe mmoja wa uongo unatosha kuvunja heshima iliyojengwa miaka kumi.

"Pole sana, mama," nikamwambia. "Nitumie ule ujumbe wa M-Pesa. Nikifika ofisini naanza na wewe."

Kufikia saa sita mchana walikuwa wamepiga simu watu 23, na wote 23 walikuwa wamelipa. Nilichapisha orodha yao, nikaiweka mezani kando ya kikombe cha chai, nikaipitia kwa kalamu. Nilikuwa nimefika mtu wa tisa nilipoona kilichowaunganisha: namba zao zote za uanachama zilikuwa na kistari.

Wanachama wa zamani, walioingia kabla hatujafungua matawi, wana namba tupu. Walioingia baadaye wana namba ya tawi, kistari, halafu namba yao. Kwa mfano (nazibuni hapa) kuna 31, kuna 317, kuna 318, na kuna 3-17. Na skripti (faili la amri zinazojiendesha zenyewe) inayotafuta wasiolipa niliiandika mwenyewe mwaka 2019. Kila usiku seva ya tawi la Thika hukusanya malipo ya siku, huyapanga kwa sort, amri ya kupanga mistari ya faili kwa mfuatano, halafu hutuma faili makao makuu. Seva ya makao makuu nayo hupanga kwa sort orodha ya wanaodaiwa. Kisha amri nyingine, comm -23, hulinganisha faili hizo mbili na hutoa namba zilizo kwenye orodha ya wadaiwa na hazimo kwenye orodha ya waliolipa. Saa kumi na mbili asubuhi hao hutumiwa ujumbe. Kwa miaka minne haikuwahi kukosea mtu.

Kilichokuwa kimebadilika ni kimoja tu. Wikendi iliyotangulia nilikuwa nimehamisha seva ya makao makuu kutoka toleo la 18.04 la Ubuntu, mfumo unaoendesha seva zetu, kwenda 22.04, kwa kuwa msaada wa kawaida wa 18.04 uliisha mwishoni mwa Mei 2023. Seva ya Thika nilikuwa nimeipangia wikendi inayofuata.

Nikaandika zile namba nne kwenye faili, nikaipitisha sort kwenye mashine zote mbili. Majibu yalikuwa haya:

Thika: 31, 317, 3-17, 318

Makao makuu: 3-17, 31, 317, 318

Nilizitazama zile safu mbili kwa muda mrefu. Amri ni ileile, faili ni ileile, lugha ya mashine ni ileile, en_US.UTF-8, yaani Kiingereza cha Marekani. Thika ilikuwa inakiruka kistari kana kwamba hakipo, hivyo 3-17 inasomwa kama 317 na kukaa jirani yake. Makao makuu ilikuwa inakihesabu kistari kama alama kamili inayotangulia tarakimu zote, hivyo 3-17 inapanda juu kabisa.

Sasa ifuate comm. Hiyo husoma faili mbili kama makarani wawili wanaoitana majina, kila mmoja na daftari lake, kwa makubaliano kwamba madaftari yote yamepangwa kwa kanuni moja. Karani wa wadaiwa anaanza: 3-17. Karani wa malipo anajibu: 31. Kwa kanuni mpya 3-17 hutangulia 31, kwa hiyo comm inaamua kwamba kama 3-17 angekuwa amelipa, jina lake lingekuwa limeshatajwa. Hajalipa. Inamwandika. Wanaendelea na 31, wanaendelea na 317, halafu karani wa malipo anaita 3-17. Amechelewa, ukurasa umeshageuzwa. Hivyo ndivyo mama wa Gikomba alivyogeuzwa mdaiwa.

Na comm ilisema. Ilitoa onyo wazi kwamba faili ya pili haijapangwa ipasavyo, kisha ikaendelea na kazi. Lakini mimi, mwaka 2019, nilikuwa nimemalizia ule mstari kwa 2>/dev/null, mkia unaotupa maonyo yote, ili barua za cron, programu inayoendesha skripti kila usiku, zisinijazie sanduku. Hilo ni kosa langu na nimelibeba. Leo hakuna skripti yetu yenye ule mkia.

Dawa ilichukua dakika kumi. Niliweka LC_ALL=C mwanzoni mwa skripti kwenye seva zote mbili, na sort ikarudi kulinganisha baiti kwa baiti, pasipo kanuni ya lugha yoyote. Tukaendesha upya, wale 23 wakatoka kwenye orodha. Mkuu wa mikopo akaandika ujumbe wa kuomba radhi, ukaenda kwa wanachama na kwa wadhamini wao.

Kijana anayefanya mazoezi ya kazi nasi akaniuliza, "Dada, si imepona? Twende tukakule." Aliuliza kwa nia njema, na wengi wangeishia hapo. Lakini mimi sikuweza kuinuka. Yeyote aliyewahi kuandika skripti huichukulia sort kama jiwe la kusagia: lilikuwepo kabla yetu, liko hapo, halina habari mpya. Jiwe lilikuwa limesogea usiku na mimi sijui ni nani alilisogeza wala lini. Na kama sijui kwa nini limesogea, sijui limeponda nini kingine.

Nikaanza pale mtu yeyote angeanzia, kwa sort --version. Thika ilikuwa na toleo la 8.28 la coreutils, furushi la amri ambamo sort imo, makao makuu 8.32. Nikapakua msimbo wa coreutils pamoja na historia yake yote. Hili ni jambo ninaloshukuru kila ninapoligusa: amri tunazozitumia kila siku, ls, cp, sort, wc, zina daftari la kila badiliko, na daftari hilo liko wazi kwa mtu aliyeketi Nairobi sawa na aliyeketi popote. La coreutils linarudi nyuma hadi mwaka 1992.

Kuna njia mbili za kulisoma. Ya kwanza ni faili iitwayo NEWS, ambamo watunzaji huandika kwa maneno ya kawaida nini kimebadilika katika kila toleo. Nilisoma kutoka 8.28 hadi 8.32. Hakuna neno juu ya mpangilio wa herufi. Ya pili ni git yenyewe, programu inayotunza historia ya msimbo:

git log v8.28..v8.32 -- src/sort.c

Hiyo hutoa mabadiliko ya faili moja tu kati ya matoleo mawili. Yalikuwa machache, nikayafungua moja moja. Hakuna lililogusa ulinganishaji. Nikatumia pia chaguo la -S, ambalo hukuonyesha tu mabadiliko yaliyoongeza au kuondoa neno fulani, kama mtu anayetafuta punje ya mchele kwa jina lake. Bado hakuna kitu.

Nikafungua sort.c yenyewe nianze kuisoma kutoka juu. Na jibu lilikuwa palepale, katika maelezo ya mwanzo wa faili, mahali ambapo wengi wetu huparuka. Yanasema programu iliandikwa Desemba 1988 na Mike Haertel. Halafu mstari unaofuata: Ørn E. Hansen aliongeza uwezo wa lugha mwaka 1997.

Niliusoma mstari ule wa pili mara tatu. Maana yake ni kwamba tangu 1997 sort haijui yenyewe herufi ipi hutangulia ipi. Inauliza. Inaiuliza maktaba ya C iliyo chini yake, msimbo wa pamoja ambao programu nyingi huutegemea, na maktaba hujibu kulingana na jedwali la lugha ambayo mashine imewekewa. Nilikuwa nimetumia saa mbili nikimhoji mjumbe, na aliyebadilisha neno ni aliyemtuma.

Maktaba hiyo ni glibc: 2.27 Thika, 2.35 makao makuu. Nilianza kupakua historia yake, stima ikapotea mtaa mzima. Ukikatiwa git clone, amri ya kupakua hazina nzima, katikati, huanza upya mwanzo, na hazina ya glibc si ndogo. Nikaenda nyumbani Kahawa West, na kwa bando la simu nikafungua faili moja tu, NEWS ya glibc. Ni maandishi matupu, hailambi bando. (Kwa mtu mwenye mtandao dhaifu hii ndiyo njia. Usianze na hazina nzima, anza na NEWS.)

Chini ya toleo 2.28, lililotoka tarehe 1 Agosti 2018, wameandika waziwazi kwamba data ya kiwango cha ISO 14651 imesasishwa ilingane na toleo lake la 2016. ISO 14651 ndicho kiwango cha kimataifa kinachosema herufi za dunia zipangweje. Jedwali la zamani lilikuwa limepitwa na wakati, na herufi nyingi za Unicode, orodha ya herufi za lugha zote, hazikuwa na nafasi yake humo. Jedwali jipya lilizipa nafasi, na pamoja na hayo likaacha kuziruka alama kama kistari. Kazi hiyo ilifanywa na Mike Fabian. Ubuntu 18.04 ilitoka Aprili 2018, miezi mitatu hivi tu kabla. Seva zangu mbili zilikuwa zimesimama kando mbili za mstari uleule.

Sina kinyongo na badiliko hilo. Niliwahi kuona mtu akilia kwenye mtandao kwamba wameharibu dunia. Mimi naona walifanya kazi iliyohitajika na wakaiandika mahali panapostahili. Tena lilinifundisha kitu kuhusu lugha yangu. Usiku huohuo niliandika maneno manne kwenye faili: ngoma, ng'ombe, ngalawa, ng'ambo. Nikaingia Thika kwa mbali, nikayapanga: ngalawa, ng'ambo, ngoma, ng'ombe. Ile alama ya juu inarukwa, na ng' inachanganyika na ng kana kwamba ni sauti moja. Nikayapanga makao makuu: ng'ambo, ng'ombe, ngalawa, ngoma. Zimetenganishwa. Kila mtoto wa darasa la pili anajua kwamba ng'oa na ngoa hazisemwi sawa, na kwa mara ya kwanza niliona mashine yangu ikizitenga. Glibc ina hata mpangilio wa sw_KE, Kiswahili cha Kenya, na katika ofisi zote nilizofanyia kazi sijawahi kumwona mtu aliyeuweka. Sote tunaweka en_US na kusonga mbele.

Kilichonikosesha usingizi si sort tena. Nilipokuwa nikisoma habari za glibc 2.28 nilikutana na onyo la watu wa PostgreSQL, hifadhidata tunayoitumia kuweka rekodi za wanachama. Hifadhidata hiyo huweka faharasa zake za maandishi zikiwa zimepangwa, na ili kuzipanga huiuliza maktaba ileile ya C. Ukiijenga faharasa kwa kanuni ya zamani kisha ukaihamishia kwenye mashine yenye kanuni mpya, itatafuta jina mahali ambapo kwa kanuni mpya lingepaswa kuwa, isilione, na kukujibu kwamba halipo. Data ipo. Faharasa ndiyo imepotea njia.

Mwili ulinisisimka. Siku ya kuhamisha seva sikuwa nimetoa data na kuiingiza upya, njia ambayo ingejenga faharasa mpya. Nilikuwa na wikendi moja, kwa hiyo nilichomoa diski ya data nikaichomeka kwenye mashine mpya, PostgreSQL toleo lilelile, ikawaka bila kulalamika.

Jumatano alfajiri nilikuwa ofisini kabla ya mlinzi kumaliza zamu. Nikaendesha REINDEX, amri ya kujenga faharasa upya, kwenye jedwali la wanachama. Ikakataa: haiwezi kujenga faharasa ya namba zisizorudiwa kwa sababu kuna namba iliyojirudia. Nikaitafuta. Jumatatu mwanachama mmoja alikuja kubadilisha namba ya simu, karani akaitafuta namba yake yenye kistari, mfumo ukasema hayupo, naye kwa uaminifu akamsajili upya. Faharasa iliyopaswa kumzuia haikuona kitu. Mtu mmoja, rekodi mbili: akiba kwenye moja, mkopo mpya ukisubiri kuandikwa kwenye nyingine. Tuliziunganisha kwa mkono, karani akiwa kando yangu anasoma daftari lake, kisha REINDEX ikapita. Safu ya namba za uanachama sasa imewekwa COLLATE "C", yaani ipangwe baiti kwa baiti, kwa sababu namba ya uanachama haina lugha.

Yule kijana alikuwa amesimama nyuma yangu muda wote. Sikuwa na haja ya kumweleza kwa nini sikwenda kula jana yake.

Tangu wiki ile nimekuwa nikisoma historia za amri jioni, kama wengine wanavyosoma magazeti. Mabadiliko hayafanani. Mengine hukuita kwa jina lako: grep 3.8, amri ya kutafuta maneno, ya Septemba 2022, huonya kila unapoandika egrep kwamba utumie grep -E, ingawa watunzaji walikuwa wameshaitangaza egrep kuwa ya kuachwa tangu 2007. Mengine huonekana kwa macho tu: tangu coreutils 8.25 ya mwaka 2016, ls, amri ya kuorodhesha faili, huzungushia alama za nukuu majina ya faili yenye nafasi, lakini kwenye skrini pekee. Ukielekeza matokeo kwa programu nyingine, majina hutoka kama zamani. Watu waliikasirikia sana hiyo, na mimi nadhani walioibuni walikuwa waangalifu kuliko walivyopewa sifa. Ninaloliogopa ni badiliko la aina ya tatu, linalotokea chini ya amri, katika maktaba, ambalo halikuonyeshi neno lolote na ambalo sort --version haiwezi kukudokezea.

Nimefika pia hadi mwanzo. Jumuiya ya urithi wa Unix, mfumo wa zamani ambako amri hizi zilianzia, iliyoanzishwa na Warren Toomey, imehifadhi mwongozo wa kwanza kabisa, wa tarehe 3 Novemba 1971, na sort imo. Haikuwekwa na ls wala cp. Imo sehemu ya sita, ya programu zinazotunzwa na watumiaji wenyewe, kando ya mchezo wa sataranji. Naye Diomidis Spinellis ameunganisha historia ya Unix, kutoka miaka ile ya mwanzo hadi FreeBSD, mfumo uliotokana na Unix, katika hazina moja ya git. Unaweza kuuliza mstari mmoja wa msimbo uliandikwa lini, na ukajibiwa kwamba ni mkubwa kuliko wewe.

Alhamisi nilimpigia yule mama. Nilitaka asikie kwa sauti ya mtu, si kwa ujumbe wa mashine. Kelele za Gikomba zilikuwa nyingi nyuma yake, mtu anapiga bei ya viatu.

"Mama, tumepata kosa. Namba yako ina kakistari katikati. Kompyuta ya Thika ilikuwa inakiruka, ya huku inakihesabu. Ndiyo maana hazikuelewana."

Akanyamaza kidogo. "Kwa hivyo si mimi."

"Si wewe, mama. Wala si wadhamini wako. Nimewapigia wote watatu kabla yako."

"Hapo umenisaidia. Mungu akubariki." Kisha akamgeukia mteja.

Jumamosi nilikwenda Thika na matatu ya kwanza. Kabla ya kuigusa seva, nilikaa kwenye kiti cha plastiki cha mlinzi nikasoma NEWS za glibc, kutoka 2.28 hadi 2.35, zote, na kalamu mkononi. Safari hii data niliitoa kwa pg_dump nikaiingiza upya. Na juu ya mstari wa LC_ALL=C kwenye skripti niliandika maelezo ya mistari mitano: tarehe, namba ya toleo la glibc, mfano wa 317 na 3-17, na idadi ya watu waliotumiwa ujumbe wa uongo.